Jino Nalo Lataka Kitandiko
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mikinduri)



Tumezoea kukutana hapa kuongea juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na mikopo. Leo tuongee juu ya jino. Mtaniuliza, jino linaingiaje katika maendeleo? Linaingia sana. Mtu ambaye hakulala usiku kucha hawezi kupalilia, na pesa za karo zinaishia kwa nauli na vidonge vya kutuliza maumivu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watoto wa Kenya, na kama mtu mzima mmoja kati ya watatu, wana meno yaliyooza. Na bado wengi wetu tunajua dawa moja tu: ng'oa!

Lakini jino lililooza laweza kuzibwa likakaa miaka mingi. Hapo ndipo linakuja swali ambalo watu huuliza: "Daktari aliweka kitu cheupe ndani kwanza, halafu akaweka kingine juu. Kwa nini vitu viwili? Si ananiongezea bei tu?" Ni swali zuri. Tulijibu pole pole.

Jino lina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo ni gumu kuliko mfupa. Chini ya ganda kuna dentini, yenye vijitundu vidogo sana ambavyo macho hayavioni. Katikati kuna kiini, chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini ndicho uhai wa jino, na ndicho kinachokuamsha usiku.

Daktari akitoa uozo, shimo hubaki. Kama ni shimo fupi, dentini iliyobaki inatosha kukilinda kiini. Lakini kama limezama, sakafu yake inabaki nyembamba. Sasa weka hapo kizibo cha madini ya rangi ya fedha. Madini hupitisha joto na baridi haraka. Fikirieni nyumba ya mabati isiyo na dari saa saba mchana: aliye ndani anaungua. Au sufuria ya chai iliyo motoni: nani huishika bila kitambaa? Basi kile kitu cheupe ndiyo dari, ndiyo kitambaa. Ni kitandiko cha kukinga kiini.

Vitandiko hivi vinatengenezwa kwa vitu gani? Vingine mnavijua.

Cha kwanza kina mafuta ya karafuu, yale ya karafuu kama zinazolimwa Unguja na Pemba. Mafuta hayo huchanganywa na unga wa zinki yakawa kama ugali mdogo, kisha hukauka. Hutuliza jino linalouma. Lakini kizibo cha juu kikiwa kile cha plastiki chenye rangi ya jino, mafuta ya karafuu hukizuia kisigande vizuri. Kwa hiyo daktari atachagua kitandiko kingine.

Cha pili ni cha chokaa. Mjerumani mmoja, Hermann, ndiye aliyekileta katika matibabu ya meno mwaka 1920. Kikiwekwa karibu na kiini, hulichochea jino lenyewe kujenga ukuta mpya wa dentini. Ila si kigumu, na huyeyuka kidogo kidogo, kwa hiyo hufunikwa na kitu chenye nguvu zaidi.

Cha tatu ni saruji ya unga wa kioo. Ilivumbuliwa London na Wilson na Kent, ikajulikana mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hushikamana na jino yenyewe na hutoa floraidi pole pole. Yaweza kuwa kitandiko, na yaweza kuwa kizibo chenyewe. Hapa Afrika Mashariki tuna sababu ya kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, ilianza njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba jino bila mashine wala umeme, na mara nyingi bila sindano ya ganzi. Baadaye saruji hii ndiyo iliyotumika katika njia hiyo, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza mwaka 1994. Mwaka 2021 shirika hilo likaiweka saruji hii katika orodha yake ya dawa za lazima. Kwa hiyo hata mahali pasipo na stima jino laweza kuokolewa.

Tafadhali sikieni hapa vizuri. Nikisema chokaa, sisemi ile ya kupaka ukuta. Hiyo itakuchoma kinywa. Maji ya betri pia ni sumu kali. Hata aspirini ukiiweka juu ya ufizi itauchubua. Vidonge ni vya kumeza.

Tena si kila shimo linahitaji kitandiko. Madaktari wa siku hizi hutandika mashimo yaliyozama tu. Kwa hiyo asipotandika, usifikiri umeibiwa. Uliza maswali matatu: Shimo limezama kiasi gani? Dawa hii ni ya muda au ya kudumu? Nirudi lini?

Hilo la mwisho ndilo linalotuangusha. Mara nyingi dawa ya karafuu huwekwa kwa muda tu, na mtu huambiwa arudi. Maumivu yakiisha anasema, "Nimepona." Hakupona. Dawa ile inaliwa na githeri kidogo kidogo, mate yanaingia, uozo unarudi. Miezi ikipita anarudi kung'oa jino ambalo lingeokolewa. Amelipa mara mbili, na jino hana.

Ninapendekeza hivi: katibu wa kikundi aandike katika daftari tarehe ya kurudi ya kila mwanachama aliyewekewa dawa ya muda, na ikifika akumbushwe. Pili, tutenge kitu kidogo katika mchango wa kila mwezi ili mwanachama akope apate kuziba jino mapema. Shimo dogo lina gharama ndogo.

Mjue pia dalili. Baada ya kuzibwa, jino laweza kusikia baridi kwa siku kadhaa, si neno. Likiuma lenyewe usiku, au ukivimba, rudi, maana kiini huenda kinakufa na kitandiko hakiwezi kukifufua. Ukivimba shavu pamoja na homa, au ukishindwa kumeza, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na vijana wetu wa miraa, soda na chingamu mnazotafunia zina sukari nyingi, na sukari ikikaa mdomoni saa nyingi huchimba meno. Kunyweni maji. Sote tupige mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi.

Mkutano ujao, kila katibu aje na daftari lake tuone ni nani hajarudi kwa daktari.