Heshima ya Aliyefika wa Mwisho
Dominika ya 25, Mwaka A



Siku moja baada ya Misa hapa Same niliwakuta vijana wakibishana chini ya mwarobaini. Je, John Stephen Akhwari astahili kuhesabiwa miongoni mwa mashujaa wa michezo wa taifa letu? Mmoja wao alisema kwa ukali: "Baba Padre, mtu aliyefika wa mwisho anapewaje nishani? Shujaa ni Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Tukiwatukuza wa mwisho, tutawafundisha watoto kushindwa."

Hoja hiyo si ya kipuuzi. Ushindi ni tunda la jasho, na Mtume Paulo mwenyewe anawahimiza Wakorintho wakimbie kwa nia ya kupata tuzo. Basi na tuyatazame mambo yenyewe.

Tarehe 20 Oktoba 1968, wakimbiaji 75 walianza marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico, lililo juu ya mita 2,200, urefu usio mbali sana na kilele cha Shengena katika milima yetu ya Upare. Ninyi mnaopanda kutoka Same kwenda Mbaga na mizigo kichwani mwajua jinsi pumzi inavyokuwa adimu huko juu. Akhwari alianguka njiani, akaumia vibaya goti. Akafungwa bandeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani giza limekwisha kutanda, watazamaji wengi wamekwisha kuondoka, baada ya saa 3 na dakika 25. Walimaliza watu 57, naye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Wala hakuwa mkimbiaji dhaifu. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni. Kwa hiyo hatumheshimu kwa kuwa alishindwa. Twamheshimu kwa kuwa alitumwa, akajeruhiwa, na hakuuacha utume wake.

Ndugu zangu, katika Injili ya leo vibarua wa asubuhi wananung'unika kwa sababu wa mwisho wamepewa dinari sawa na wao. Lakini je, mwenye shamba amewapunja? La! Dinari yao wanayo mkononi. Vivyo hivyo, nishani ya Akhwari haikuchukua dhahabu ya Wolde, wala haikuifuta rekodi ya Bayi. Kumheshimu wa mwisho si kumnyang'anya wa kwanza. Tena, tofauti na vibarua wa saa kumi na moja, Akhwari ndiye aliyeivumilia njia ile kwa muda mrefu kuliko wote waliomaliza.

Taifa lilimtunuku nishani mwaka 1983, miaka 15 baadaye. Hapo dhamiri yangu inanichoma. Hivi karibuni, parokiani kwetu, tuliandaa orodha ya watu wa kupewa hati za heshima. Walikuwamo waliojenga na waliochangia fedha nyingi. Hakuwamo katekista mmoja mzee wa kigango cha milimani, ambaye kwa miaka mingi, mguu ukimuuma, alipanda na kushuka kufundisha wakatekumeni na kuwazika wafu. Kigango chake kimebaki kidogo, na kanisa lake bado ni la udongo. Hakuna aliyemtaja. Nami, paroko, nilikuwa nimekwisha kuitia sahihi orodha hiyo.

Nimeirudisha mezani. Nawaombeni nanyi, viongozi wa walei na makatekista wenzangu katika utume, mzitazame orodha zenu. Msimwondoe aliyefanikiwa; astahili sifa yake. Lakini ulizeni: ni nani anayechechemea gizani huku sisi tumekwisha kurudi nyumbani? Mwendeeni angali hai, mkamshike mkono.

Naye Bwana wa shamba, anayengoja mpaka mkimbiaji wa mwisho aingie, awabariki nyote. Amina.