Kurudi Darasani kwa Ajili ya Vijana



Nimeombwa niseme habari ya masomo niliyoyafanya ukubwani. Mwaka 2010, nikiwa na umri wa miaka 51 na cheti changu cha theolojia kimekwisha kupauka ukutani, niliomba ruhusa ya kwenda kusomea kazi ya vijana na maendeleo ya jamii. Mzee mmoja alinijibu kwa methali ambayo sisi watu wa ziwani hatuwezi kuipinga kirahisi: samaki mkunje angali mbichi. Nikamwambia kwamba hata samaki mkavu hulainika akilowekwa. Wazee walicheka, wakaniruhusu. Kulowekwa kwenyewe, ndugu zangu, kuliuma. Wanafunzi wenzangu waliniita Babu, na mwalimu wetu wa takwimu alikuwa rika la binti yangu wa pili.

Wala sikuwa wa kwanza. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama kile cha Mbinga, vilianza mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden. Nao Sweden waliupokea kutoka Denmark, ambako shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844 kutokana na mawazo ya Grundtvig, mchungaji wa Kilutheri. Niliposoma hayo nilijiona nimo nyumbani.

Lakini lililonigeuza halikuwa historia. Tulipewa zoezi la kurudi tulikotoka na kuandika, kwa majuma manne, vijana wanafanya nini kila saa ya siku, bila kuwahubiria. Bila kuwahubiria! Mwambao wetu ulikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbinga, maana Wilaya ya Nyasa ilianzishwa mwaka 2012. Nilikaa ufukweni alfajiri na daftari langu. Mitumbwi iliporudi na taa zake, niliwatambua wanakwaya wangu karibu wote. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa ndipo hufuata taa. Nami kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeweka mazoezi ya kwaya Jumamosi jioni, na kuwakemea kutoka mimbarani waliosinzia Jumapili. Sikuwahi kuutazama mwezi.

Mmoja wao nilikuwa nimemfuta katika kwaya kwa kukosa mazoezi mara tatu. Alikuwa akiwalipia ada wadogo zake wawili kwa dagaa wale. Mwaka uliofuata aliondoka kijijini, na sijampata hadi leo. Mama yake bado huketi benchi la tatu. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo zito zaidi.

Niliporudi tuliihamishia mikutano ya vijana kwenye juma la mbalamwezi. Huko milimani, katika mitaa yetu ya Umatengo, kalenda ni nyingine: wakati wa kuchuma kahawa huwapati, na wakati wa kulima ngolo, wanaume wakikata nyasi na wanawake wakizifukia, ni afadhali mchungaji awafuate shambani. Tena, Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Sisi tulimwondoa katika umoja wa vijana siku alipofunga ndoa, hata akiwa na miaka 21, tukawakosa wale hasa wenye mzigo. Kosa hilo tumelirekebisha nusu tu.

Sasa liko jambo mbele ya Baraza la Wazee. Mwinjilisti wetu, mama wa miaka 44, ameomba kwenda kusomea kazi hii. Nimesikia hoja kwamba fedha hiyo apewe msichana aliyemaliza kidato cha nne, atakayetumika miaka mingi zaidi. Hoja hiyo siidharau. Lakini mtumbwi usiporudi usiku, mama huyu ndiye anayebishiwa hodi, naye hajui amwambie nini kijana aliyebaki na wadogo zake. Amesema hivyo mwenyewe mbele ya baraza, na ndiyo sababu aliyoitoa ya kutaka kusoma.

Ada ya mwaka wa kwanza bado haijatimia. Mimi magunia yangu mawili ya mahindi nimekwisha kuyafikisha kwa mtunza hazina.