Mganga Hajigangi: Mazungumzo Kuhusu Dawa za Usingizi na za Wasiwasi



Swali mnalotuuliza mara kwa mara ni hili: ikiwa daktari mwenyewe humeza diazepamu apate usingizi, kwa nini sisi tudaiwe cheti dukani? Swali ni la haki, nasi hatutalikwepa.

Ni kweli, wako waganga wanaozitumia. Mfikirieni aliyekesha katika wodi ya wazazi, kisha alfajiri akapokea majeruhi wa ajali ya barabara ya Segera. Anarudi nyumbani, usingizi haumjii, na ufunguo wa kabati la dawa anao mfukoni. Kidonge cha kwanza humsaidia, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Baada ya majuma machache mwili huzoea. Kipimo cha jana hakitoshi leo. Akiacha ghafla hutetemeka, hukesha kuliko mwanzo, na pengine hupatwa na degedege. Mwili haujali shahada ya mwenyewe. Tena huficha, kwa kuhofia kazi yake, hata anachelewa kutibiwa.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mwaka 2017 Chama cha Madaktari Duniani kiliongeza katika Azimio la Geneva, ambalo ndilo kiapo cha madaktari, ahadi ya daktari kuitunza afya yake mwenyewe. Kwa maoni yetu, njia ya kuitimiza ni moja: aende kwa mwenzake, apimwe, naye aandikiwe cheti. Aliyechoka hujipima kwa kichwa kilichochoka.

Nanyi mkiandikiwa dawa hizi, ulizeni ni za siku ngapi. Msigawane na jirani, hata akilalamika kukosa usingizi kama ninyi. Msizichanganye na pombe, wala na dawa kali za maumivu kama tramadoli, kwani pumzi yaweza kukatika usingizini. Diazepamu hukaa mwilini muda mrefu: dereva wa lori au wa bodaboda aliyeimeza usiku huweza kusinzia asubuhi akiwa njiani. Aliyezoea asiache kwa siku moja. Daktari atampunguzia kidogo kidogo.

Na mkimkuta mhudumu anasinzia kazini, au ulimi wake ni mzito, mnayo haki ya kuomba mwingine. Mwelezeni mganga mfawidhi kwa faragha, pasipo kelele za barazani, maana huenda mtu huyo naye ni mgonjwa anayengoja kutibiwa.