HIFADHI YA MLIMA KILIMANJARO NA MKULIMA WA KAHAWA



Serikali haitengi ardhi ya hifadhi kwa kuwapenda tembo kuliko watu, ingawa maneno hayo husikika sana vilabuni. Shabaha yake kubwa hapa mlimani ni maji. Mvua nyingi hunyesha msituni, wala si kileleni. Msitu huyanywa maji hayo, ukayatoa polepole katika chemchemi na mifereji inywesheayo migomba na mibuni; yanayosalia huteremka hadi Mto Pangani na mitambo ya umeme.

Hifadhi ya Taifa ilipoanzishwa mwaka 1973 ilishika hasa sehemu za juu, kuanzia kiasi cha meta 2,700. Msitu wa chini yake ulibaki mikononi mwa idara ya misitu, na ukingoni mwake ulikuwapo ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wenyeji wapate kuni, majani na miti ya kujengea. Mwaka 2005 msitu ule ukaunganishwa na Hifadhi. Ulinzi ukakazwa, lakini mama mwenye ng'ombe wa zizini akaukosa mzigo wa majani aliouzoea. Jambo hili si dogo, maana samadi ya ng'ombe huyo ndiyo mbolea ya kahawa.

Basi chama cha msingi kisichowahimiza wanachama kupanda miti ya kuni na majani ya malisho mashambani mwao kinamwachia askari wa hifadhi kazi asiyoiweza peke yake. Katibu na aliweke suala hili katika ajenda ya mkutano mkuu, kabla ya bei ya kahawa.