Chombo cha Uzeeni

Wenzangu wengi wa pwani wanaokaribia kustaafu wanaota jahazi la kutembelea Unguja na Mafia. Mimi nasema: anza na mashua ndogo. Jahazi linataka mabaharia, na mabaharia wanataka ujira kila safari. Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu.

Usichague kwa rangi. Ikague mashua maji yakiwa yamekupwa. Choma kisu kwenye mkuku na mbao za ngamani. Kikizama kama kwenye muhogo, ondoka. Uliza ilitiwa kalafati lini, na tanga lina umri gani.

Kisha ikodi msimu mmoja wa kusi, ungali kazini. Mgongo ukikataa kupandisha foromali, utakuwa umepoteza kodi tu, si akiba ya uzeeni.