Dawa Mseto kwa Saratani ya Tumbo Iliyoenea, Baada ya Tiba ya Kwanza Kushindwa



Nimetakiwa niseme juu ya dawa mseto apewayo mgonjwa wa saratani ya tumbo iliyokwisha kuenea mwilini, pindi tiba ya kwanza inaposhindwa kuizuia; nami, kwa idhini yenu, nitaanza na mzee mmoja mvuvi aliyeletwa kwangu na mpwa wake, akiwa amekwisha kutiwa dripu za sisiplatini na florourasili katika hospitali nyingine kwa muda wa miezi mitano, kisha, picha zilipoonyesha kwamba uvimbe umekua na ini limeingiliwa, akaambiwa kwamba dawa zimekwisha na aende nyumbani akapumzike. Mzee yule hakuwa mahututi. Aliingia kwa miguu yake, akaamkiwa, akaitikia, akaketi, akaniuliza kwa sauti ya utulivu, "Mwanangu daktari, ni kweli dawa zimekwisha, au mimi ndiye niliyekwisha?"

Swali lile lina haki ya kujibiwa kwa dalili zilizo thabiti. Kwa miaka mingi matabibu walikhitilafiana kama yafaa kumtibu mtu kwa dawa kali mara ya pili, ilhali mwili umekwisha kudhoofishwa na maradhi na tiba yenyewe, na wengi wakaona ni kumwongezea taabu bure. Ndipo zikafanywa tafiti za kuwalinganisha waliopewa dawa na wale waliopewa tiba shufaa peke yake: Ujerumani mwaka 2011, kwa irinotekani na wagonjwa 40 tu, Korea mwaka 2012, na Uingereza, ambako utafiti uliotangazwa mwaka 2014 uliwagawa wagonjwa 168, na waliopewa dositakseli wakafikia umri wa kati wa miezi 5.2 hali wenzao wakifikia 3.6. Faida ilikuwa ndogo, lakini ilijirudia kila ilikotafutwa, na zaidi ya hayo wale wa Uingereza waliopewa dawa walipungukiwa na maumivu. Basi tangu hapo kauli ya kwamba dawa zimekwisha, akiambiwa mtu mwenye nguvu zake, si kauli sahihi.

Ama huo mseto wenyewe ninaokusudia kuueleza, wa paklitakseli na ramusirumabu, una asili mbili zilizotokea mbalimbali. Paklitakseli ilitoka katika gome la mti wa misitu ya pwani ya Pasifiki huko Marekani, ambao wataalamu wa mimea wauita Taxus brevifolia; gome lilichumwa mwaka 1962, na Monroe Wall na Mansukh Wani wakalihangaikia miaka kadhaa kabla ya kutangaza umbo la dawa iliyomo ndani yake mwaka 1971. Susan Horwitz wa New York ndiye aliyebainisha, mwaka 1979, namna inavyoua: ndani ya kila chembe hai mna nyuzi laini zinazojengwa na kubomolewa daima, na chembe itakapo kugawanyika huzitumia kuvuta urithi wake huku na huku; paklitakseli huzishika nyuzi hizo zisibomoke, hata chembe ikakwama katikati ya kugawanyika, isiweze kurudi wala kwenda mbele, ikafa. Na katika mwaka ule ule wa 1971 Judah Folkman, mpasuaji wa Boston, alitoa hoja iliyopokewa kwa mashaka na wenzake wengi, kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua kupita kiasi kidogo mno usipojiitia mishipa mipya ya damu ya kuulisha, na kwamba atakayeweza kuuziba mwito huo ataudumaza uvimbe. Ramusirumabu ni kingamwili iliyotengenezwa kwa shabaha hiyo: hukaa juu ya kipokezi kilicho katika kuta za mishipa, mahali pale ambapo mwito wa uvimbe ulipaswa kusikika, na mishipa haiusikii tena. Dawa moja huuangamiza uvimbe kwa ndani na nyingine huukatia riziki kwa nje. Na tokea gome la mti na hoja iliyotiliwa shaka hata siku zilipokutana katika mkono wa mgonjwa mmoja, ilipita zaidi ya miaka 35.

Utafiti ulioyathibitisha hayo, ukaitwa RAINBOW, ulitangazwa mwaka 2014. Waliandikishwa wagonjwa 665 katika nchi 27, wote wakiwa wameona saratani ikiendelea wakati wa tiba ya kwanza au katika miezi 4 baada ya kuimaliza, na wote wakiwa wangali na uwezo wa kujihudumia. Kila mmoja alipewa paklitakseli mara moja kwa wiki, wiki tatu kati ya nne. Na kwa kura, nusu yao wakaongezewa ramusirumabu kila baada ya wiki mbili, na nusu wakatiwa dripu isiyo na dawa, wala mgonjwa wala tabibu asijue nani kapewa kipi. Waliopata mseto walifikia umri wa kati wa miezi 9.6, na waliopata paklitakseli peke yake miezi 7.4. Uvimbe ulinywea kwa kiasi cha kuhesabika kwa wagonjwa 28 katika kila 100 wa mseto, na 16 katika kila 100 wa upande wa pili.

Naomba tutue hapa kitambo, kwa kuwa miezi miwili na siku kadha ni tarakimu ambayo nimesikia ikidharauliwa na watu wasioihitaji, na ikitukuzwa kupita kiasi na watu wauzao dawa, na pande zote mbili humdhulumu mgonjwa. Umri wa kati si ahadi ya mtu mmoja mmoja. Maana yake ni kwamba nusu ya watu walikufa kabla yake na nusu waliishi baada yake, wengine kwa mbali. Afadhali tuhesabu namna nyingine: baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai ni 40 katika kila 100 waliopata mseto, na 30 katika kila 100 waliokosa ramusirumabu. Yaani katika kila watu kumi, mmoja alivuka mwaka ambao pasipo mseto asingeuvuka. Hivi ndivyo nionavyo kwamba tumwambie mgonjwa, tena tukimwambia pamoja na hayo kwamba hakuna katika tiba hii matumaini ya kupona kabisa. Kwani mtu aliyefichwa jambo hilo huuza shamba na mashua kwa kununua kitu ambacho hakuna aliyekuwa nacho cha kumwuzia.

Madhara nayo yana uzito wake. Chembe nyeupe za damu zilishuka vibaya kwa wagonjwa 41 katika kila 100 wa mseto, ambapo kwa paklitakseli peke yake ni 19. Hata hivyo homa kali itokanayo na upungufu huo ilikuwa nadra pande zote mbili, jambo lililonituliza mimi binafsi. Shinikizo la damu lilipanda sana kwa 14 katika kila 100, nalo ni wajibu wa muuguzi kulipima kabla ya kila dripu, asiridhike na kipimo cha juzi. Kwa vile ramusirumabu huchezea mishipa, pua huvuja damu, protini hutokea katika mkojo, jeraha la upasuaji huchelewa kufunga, na mara chache utumbo hutoboka. Basi mgonjwa aliyepasuliwa karibuni sharti asubiri. Na ganzi ya vidole vya mikono na miguu iletwayo na paklitakseli tuiulize kila mara, kwa maana mgonjwa mstahimilivu haisemi mpaka ashindwe kufunga kifungo cha shati.

Mseto huu haumfai kila mtu. Aliyelala kitandani kutwa nzima hakuwamo katika utafiti, na kumpa kwa hoja ya utafiti huo ni kuupa ushahidi usichokuwa nacho. Kuna na wale ambao uvimbe wao umebeba kwa wingi kipokezi cha HER2: mwaka 2025 ilidhihirika kwamba kwao dawa ya trastuzumabu deruksitekani yaushinda mseto wenyewe, kwa miezi 14.7 dhidi ya 11.4, maadamu kipande cha uvimbe kimekatwa na kupimwa upya baada ya tiba ya kwanza, kwa kuwa alama ile huweza kutoweka.

Sasa niseme la kwetu. Paklitakseli imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ramusirumabu haimo, na bei yake ni mzigo ambao jamaa nyingi haziwezi kuubeba. Je, asiyeipata ya pili aikose na ya kwanza? Wajapani walipoilinganisha paklitakseli ya kila wiki na irinotekani, katika utafiti wa mwaka 2013, wagonjwa wa paklitakseli peke yake walifikia umri wa kati wa miezi 9.5. Wagonjwa wa Japani si wagonjwa wetu, na aghalabu hugunduliwa mapema na huendelea kupata tiba ya tatu. Lakini inatosha kutuonyesha kwamba kumpa mtu nusu ya mseto, kwa uangalifu, ni tiba kamili yenye ushahidi wake.

Yule mzee nilimjibu kwamba dawa hazijakwisha, na kwamba iliyopo haitaung'oa ugonjwa bali huenda ikauchelewesha. Alinyamaza, akamtazama mpwa wake, akauliza itamgharimu siku ngapi za hospitali kwa mwezi. Nikamwambia tatu. Alihesabu kwa vidole, akasema tatu anaziweza. Tulimtia paklitakseli peke yake kwa mizunguko minne, na katika mzunguko wa pili kichefuchefu kilipungua hata akaanza kula wali. Katika wa tatu ganzi ya miguu ikazidi, tukapunguza kipimo. Picha zilipoonyesha tena kwamba uvimbe unakua, yeye ndiye aliyesema basi, tukamkabidhi kwa wauguzi wa tiba shufaa ambao walikuwa wamemjua tangu siku ya kwanza, maana tuliwaita siku ile ile tulipoanza dripu.