Tulinde Ini, ni Amana



Saratani ya ini huua upesi kwa sababu hugunduliwa ikiwa imeshaenea. Lakini chanzo chake kikubwa, homa ya ini aina ya B, kina chanjo. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani hii ikapungua kwao. Kenya tulianza 2001. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, kapime damu. Ukiwa huna, chanjwa; ukiwa nayo, usijifiche, dawa zipo.

Na mahindi yenye ukungu tusile. Sumu yake iliua watu 125 mwaka 2004, wengi Makueni na Kitui. Ikiliwa kidogo kidogo, huleta saratani hiyohiyo. Uji wa futari uwe wa nafaka safi.

Mwili ni amana, tutaulizwa. Wabillahi tawfiq.